Mjomba, kilomita 34,218 ni za kweli?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwalimu wa shule ya upili hapa Nakuru, mzaliwa wa Kisauni, umri wangu miaka 41. Marehemu baba alikuwa na Volkswagen Beetle ya buluu. Tuliiuza mwaka 1994 ili dada yangu apate karo, na namba yake ya usajili naikumbuka mpaka leo. Nikisikia mlio wa injini zile barabarani, nageuka kabla sijajijua.

Mwezi wa Aprili binamu yangu alinipigia simu kutoka Malindi. Mzee mmoja mtaani kwao alifariki mwaka juzi akaacha Beetle 1300 ya mwaka 1973, rangi ya krimu, imeegeshwa chini ya banda la makuti tangu 2004. Nilikwenda kuiona. Geji ya kilomita inasoma 34,218. Mtoto wa marehemu anasema baba yake aliinunua mpya, hakuna mwingine aliyewahi kuimiliki, na alikuwa akienda nayo kazini tu, kilomita sita kutoka nyumbani, kila siku isipokuwa Jumapili. Safari zake ndefu zilikuwa Mombasa kuwaamkia ndugu, Idi zote mbili, kila mwaka.

Anataka shilingi 950,000. Anasema magari haya hayaingizwi tena nchini na kilomita hizo sitazipata popote. Yuko mtu wa Nairobi anayelitaka pia, kwa hiyo nitoe arubuni ya 100,000 kabla ya mwisho wa mwezi. Amejitolea kutia betri na kuliwasha nikirudi, nilisikie.

Mwenzangu wa Nairobi aliuza yake mwaka huu kwa 420,000: inatembea kila siku, imeshapakwa rangi upya. Hapa Nakuru nimeona nyingine isiyo na injini kwa 150,000. Fundi wangu amekadiria kwamba kulifufua hili la Malindi, yaani matairi matano, breki zote, tangi, hozi na betri, ni kama 130,000. Nina 700,000 kwenye Sacco na naweza kukopa zilizobaki.

Nakala ya logibuku, hati ya umiliki wa gari, nimeiona. Iko kwa jina la marehemu, chasisi inaanza 113 na injini inaanza AB. Mke wangu ameniuliza, "Unanunua gari au unamnunua baba?" Sikuwa na jibu.

Nitajuaje bei yake ya haki?

Mpwa wako, Nakuru

*

Marahaba, mpwa wangu. Mungu amrehemu baba yako, na mzee wa Malindi pia.

Tuanze na hesabu. Muuzaji mwenyewe amekupa nambari zote, ila nadhani hajawahi kuziweka pamoja.

Kilomita sita kwenda, sita kurudi, ni 12 kwa siku. Siku sita kwa wiki, ukitoa sikukuu na likizo, tuseme siku 300 kwa mwaka. Hizo ni kilomita 3,600. Kutoka 1973 hadi 2004 ni miaka 31, kwa hiyo kazini peke yake ni kilomita 111,600. Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, kwenda na kurudi 240, Idi mbili ni 480 kwa mwaka, na kwa miaka 31 ni 14,880. Jumla 126,480. Hapo sijahesabu safari ya sokoni hata moja, wala hospitali, wala siku alizorudi nyumbani kula mchana, na Malindi ya wakati ule nani hakurudi nyumbani kula mchana?

Sasa, geji ya Beetle za miaka ile ina tarakimu tano tu za kilomita. Ikifika 99,999 inarudi kwenye sifuri zote tano na kuanza upya, bila alama yoyote ya kuonyesha kwamba imeshazunguka. Soma tena 34,218 yako ukiweka moja mbele: 134,218. Hesabu ya safari za mzee inakufikisha hapo hapo, ukiongeza soko na hospitali.

Kijana huyo simwiti mwongo. Mwaka 1973 pengine hakuwa amezaliwa, anasoma anachokiona kwenye dashibodi. Ila wewe usilipie tarakimu ambayo haipo, na usilipie kutokuwepo kwake.

Mimi huichukua namba ya kilomita kama neno la shahidi mmoja, nikatafuta wengine. Shahidi mzuri ni karatasi: kijitabu cha sevisi chenye mihuri na tarehe, risiti za gereji zilizoandikwa kilomita, stika ya kubadilisha oili iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango. Wazee wa aina hiyo walikuwa na tabia ya kutunza karatasi kwenye bahasha ya kaki ndani ya kabati la nguo. Omba hiyo bahasha. Risiti moja tu ya 1985 yenye kilomita 51,000 inamaliza mjadala. Na ikiwa kuna mlolongo wa risiti unaopanda polepole mpaka 34,000 mwaka 2004, basi mimi nimekosea na kijana yuko sahihi, na nitafurahi kukosea.

Karatasi zisipopatikana, gari lenyewe litasema. Angalia raba za pedali: za klachi na breki huisha ukingo wa upande mmoja kabla ya mwingine. Pitisha kidole kwenye usukani, upande wa juu, mkono unapokaa. Ukiwa laini kama kijiko pale tu, umeshikwa miaka mingi. Fungua mlango wa dereva nusu, ushike kwa chini, uunyanyue. Ukicheza juu chini, bawaba zimechoka, na bawaba hazichoki kwa kilomita 34,000. Kaa kiti cha dereva kisha uhamie cha abiria. Mwili wako utakuambia kama springi zimelala upande mmoja. Mwisho, kama kioo cha mbele ni kile kile cha asili, kiangalie dhidi ya jua la jioni. Kioo kilichokula vumbi na mchanga miaka 31 huonyesha vidoa vidogo vidogo maelfu, kama kimenyunyiziwa chumvi.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Spidomita ya Beetle haiendeshwi na giaboksi. Waya wake unatoka kwenye gurudumu la mbele la kushoto, unapita katikati ya ekseli na kutokeza kwenye kifuniko cha grisi, ambako unashikwa na kipini kidogo. Bandua kapu la gurudumu hilo utazame. Kipini kikikosekana, au waya umekatika, basi kuna miaka ambayo gari lilitembea bila kuhesabiwa. Kitu kidogo kama punje ya mchele kinaweza kuficha nusu ya maisha ya gari. Tazama pia ukingo wa chuma unaozunguka spidomita. Umekunjwa kiwandani, na mtu akiufungua kwa bisibisi huacha meno.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia wasiwasi kuliko kilomita zote hizo, mpwa wangu: ile miaka chini ya banda la makuti. Watu husikia "limekaa tu" wakadhani limehifadhiwa. Gari likikaa, raba za mihuri ya mafuta zinakauka na kupasuka. Oili ya breki hunywa unyevu wa hewani, na unyevu huo unakula silinda za breki kwa ndani mpaka pistoni zinaganda. Petroli inageuka gundi ndani ya kabureta na tangi linashika kutu. Panya wanahamia. Na hapo ni Malindi, upepo wa bahari mchana na usiku, na chuma. Ningekuwa na chaguo kati ya Beetle iliyotembea kilomita 150,000 ikalala Nanyuki, na iliyotembea 34,000 ikalala hatua chache kutoka baharini, ningechukua ya Nanyuki bila kuomba muda wa kufikiri. Injini ya Beetle hufunguliwa na kufanywa upya na fundi mzuri, vipuri vipo. Sakafu iliyooza ni kazi nyingine kabisa.

Kwa hiyo ukifika, salimia, keti, kunywa chai yao, kisha uanze na kiti cha nyuma. Kinyanyue kitoke. Mambo mawili yako pale pale.

La kwanza ni namba ya chasisi, iliyogongwa juu ya tuta la katikati. Kwa magari ya kuanzia modeli ya 1970 namba hiyo ina tarakimu kumi. Mbili za kwanza ni aina ya gari, 11 ikiwa ni Beetle ya kawaida, na ya tatu ni mwaka wa modeli. Kwa hiyo 113 ni modeli ya 1973, iliyotengenezwa kati ya Agosti 1972 na Julai 1973. Inakubaliana na maneno ya kijana. Hakikisha iliyogongwa kwenye chuma ni ile ile ya kwenye logibuku, tarakimu kwa tarakimu, na ni ile ile pia kwenye kibamba cha mbele, kule tairi la akiba linakokaa. Ikiwa imekwaruzwa, au chuma kuizunguka kimechomelewa, rudisha kiti, shukuru, ondoka.

La pili liko upande wa kulia: betri. Chini ya betri ndipo Beetle huanza kufa. Asidi inadondoka, sakafu inaliwa, mtu anaweka bati juu na kupaka lami nyeusi. Toa betri, toa zulia, chukua bisibisi na ubonyeze kwa nguvu ya kiasi. Chuma kizima kitakurudishia mkono, kilichooza kitaupitisha. Kisha toka nje, lala chini, ubonyeze vivyo hivyo mirija mirefu inayopita chini ya milango, kushoto na kulia, na pale jeki inaposhika. Mirija ile inapitisha hewa ya joto, lakini pia ndiyo inayolibeba bodi lisijikunje. Chukua na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa, uipitishe kwenye matao ya magurudumu. Isiposhika, chini ya rangi kuna puti, ile lipu ya kuficha mashimo na kutu.

Ukimaliza nenda kwenye injini. Namba yake imegongwa kwenye kizingiti kilicho chini ya dainamo. AB ndizo herufi za injini ya 1300 ya miaka ile, kwa hiyo logibuku inasema kweli, lakini je, injini iliyomo ndiyo hiyo? Ukikuta D, hiyo ni ya 1200. Ukikuta AD au AS, ni 1600. Injini iliyobadilishwa si dhambi, ilimradi imeandikishwa, ila jiulize kwa nini gari la kilomita 34,000 lilihitaji injini nyingine.

Halafu shika puli kubwa ya chini kwa mikono miwili, injini ikiwa imezimwa, uisukume ndani na kuivuta nje. Isikilize. Krenki, yaani mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, kwa Beetle inaruhusiwa kucheza milimita 0.15, si zaidi, na kiasi hicho mkono wa kawaida haukihisi sawasawa. Ukisikia "tok, tok", beringi kuu imekwisha, na hiyo ni injini ya kufungua yote. Kipimo hiki hakihitaji kuwasha gari, na nakuomba sana usimruhusu kijana kuliwasha. Hozi za petroli za miaka 20 zimekauka, zinapita juu ya injini, na kizimba cha injini ile ni aloi ya magnesiamu, ambayo ikishika moto huizimi kwa ndoo ya maji. Plagi zitolewe kwanza, oili nyepesi idondoshwe kwenye silinda, injini izungushwe kwa mkono, hozi zote zibadilishwe, tangi lisafishwe, oili lita 2.5 mpya. Hiyo ni kazi ya siku nzima na haifanywi kama shoo kwa mnunuzi.

Bei sasa. Usianze na 950,000 ukishuka. Hiyo ni namba ya muuzaji, na ukianzia kwake utamalizia karibu naye. Anza na 420,000, kwa sababu ndiyo namba pekee uliyonayo ambayo mtu alilipa kweli. Bei za kutangazwa ni matumaini. Tafuta nyingine mbili au tatu za kulipwa: waulize wenye Beetle zao, huonekana kwa wingi kwenye Concours d'Elegance, shindano la magari yaliyotunzwa vizuri, pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, na wengi wao husema bila kuficha walitoa ngapi.

Gari la mwenzako linatembea lakini limepakwa rangi upya. Hili, kama rangi ni ya kiwandani, injini ni yake na lina mmiliki mmoja wa kuthibitishwa, mimi ningeliongezea hadi 150,000 juu. Tumefika 570,000. Toa 130,000 za fundi wako, tunabaki na 440,000. Sakafu ikiwa imeoza, toa kile fundi wa bodi atakachokuandikia, na mwombe aandike, asiseme tu. Ikiwa bahasha ya risiti itapatikana na kilomita 34,218 zikathibitika, ongeza 100,000 nyingine. Zaidi ya hapo mimi singevuka. Hayo ni makadirio yangu kwa nambari ulizonipa, nawe utayarekebisha kwa utakachokikuta. Ukitaka karatasi ya kumwekea mezani, AA Kenya, chama cha wenye magari, hukagua na kuthamini magari, na kampuni ya bima itakuomba hati ya namna hiyo hata hivyo ukitaka bima kamili.

Kuhusu kwamba hayaingizwi tena: ni kweli Kenya hairuhusu magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo Beetle za hapa hazitaongezeka. Lakini Beetle si gari adimu duniani. Zilitengenezwa 21,529,464 mpaka ya mwisho ilipotoka kiwandani Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003. Uhaba unapandisha bei ya Beetle nzuri. Iliyooza uhaba hauisaidii.

Kabla ya haya yote kuna kikwazo ambacho hata kijana pengine hajakifikiria. Logibuku iko kwa jina la marehemu. Mtoto hawezi kukuuzia mali ya marehemu kwa sababu tu ni mtoto wake. Lazima mahakama iwe imemteua msimamizi wa mirathi, na kwa familia ya Kiislamu jambo hilo linaweza kupitia Mahakama ya Kadhi. Wako warithi wengine: mjane, dada zake, ndugu. Ukilipa leo na dada mmoja akasimama kesho kusema hakushirikishwa, utakuwa na gari usiloweza kuandikisha na kesi ndani yake. Kwa hiyo arubuni, hapana. Usitoe hata elfu kumi mpaka uone hati ya mahakama na jina lililo ndani yake, na huyo mwenye jina ndiye atakayekusainia. Mwambie kijana kwa heshima kwamba uko tayari kungoja. Mtu wa Nairobi, kama yupo, atakutana na mlango huo huo.

Na mkopo usichukue. Gari hili, kwa hesabu yangu, linaingia ndani ya akiba yako na kubakiza. Likihitaji mkopo, limepita thamani yake.

Mkeo ameuliza swali zuri, na nadhani hakukuuliza kwa kukuzuia. Huwezi kulijibu kwa kumficha baba ndani ya "kilomita chache". Kama kumbukumbu yake ina thamani ya shilingi 50,000 au 80,000 juu ya bei ya haki, iandike pembeni kwa jina lake, mkae na mkeo mkubaliane, mtoe kwa moyo mweupe. Nimewaona watu wakilipa hivyo na hawakujuta.

Jambo moja zaidi. Utakapofanya utafutaji wa rekodi za gari la Malindi kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, utaandika namba ya usajili na kupewa taarifa za mmiliki. Namba ya gari la baba yako umesema unaikumbuka. Iandike na ile, uone liko kwa nani.